Mke Wangu Chini ya Kifungu cha Kumi na Tisa

Mwajabu alifariki Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, katika hospitali ya wilaya. Siku hiyo ubao mkubwa wa serikali pale njiapanda ulikuwa umeandikwa HEWA YA LEO: NZURI SANA. Naukumbuka kwa sababu nilipotoka wodini nilisimama chini yake, sijui mikono yangu niiweke wapi, na mtu mmoja aliyekuwa akipita akaniambia, "Bwana, vuta pumzi tu, hiyo ni ya bure."

Naandika haya nisije nikasahau yalivyofuatana. Sina nia ya kulalamika. Nchi yetu ina sheria nyingi nzuri za kuzuia uchafu wa viwandani, nyingi kuliko viwanda vyenyewe, na katika yote yaliyompata mke wangu hakuna hata moja lililofanyika nje ya sheria. Nimehakikisha mwenyewe, kifungu kwa kifungu, maana ingawa mimi ni fundi cherehani nilifika kidato cha nne, na kusoma nasoma.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa binti mwembamba aitwaye Aneth. Siku mbili kabla alikuwa amepima damu ya Mwajabu. Aliuvuta mdomo wa mke wangu taratibu akanionyesha ufizi, ambako palikuwa na mstari wa buluu kama uliochorwa kwa kalamu.

"Baba, hii ni risasi. Yale madini ya kwenye betri. Yamemwingia kidogo kidogo, miaka mingi."

Akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi: chanzo cha kifo, sumu ya madini ya risasi. Alikuwa mgeni wilayani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwetu ugonjwa huo haupo.

Nikapeleka karatasi hapo hapo hospitalini kwa karani wa vibali vya mazishi, Bwana Ndauka, ambaye namshonea suruali. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Fundi, nani kaandika hivi?"

"Daktari."

"Kaandika kwa hasira?"

"Kaandika kwa kalamu."

"Usinichekeshe, fundi, niko kwenye msiba wako." Akafungua kitabu cha Sheria ya Hewa Njema, akaweka kidole juu ya kifungu cha kumi na tisa. "Soma mwenyewe. 'Kitu chochote kilichozidi kiwango cha risasi ni taka hatarishi, na ni marufuku kukifukia ardhini.'"

"Hapa imeandikwa kitu," nikasema. "Mke wangu ni mtu."

Akafungua kurasa za mwanzo, penye maana ya maneno. "'Kitu' ni kila kinachoweza kupimwa. Na daktari wako kampima." Kisha akainama kwenye dirisha dogo, akapunguza sauti. "Sikiliza, mimi ni mteja wako, siwezi kukutupa. Tuandike homa. Homa haina kiwango. Watu wote wa mtaa wenu mimi huwaandikia homa, adhuhuri wamezikwa, mchana watu wanakula ubwabwa. Wewe unasaini hapa kwamba umekubali, mengine niachie. Ila iwe kabla ya saa tisa. Saa tisa majibu ya maabara yanapelekwa makao makuu, na yakishafika kule hayashuki."

Nikamwambia nitafikiri.

"Ufikiri nini? Maiti inasubiri!"

Lakini mimi nilijua Mwajabu alikuwa nani, na nilijua miaka yote alikuwa akiandika nini.

*

Mwajabu alikuwa msoma moshi wa serikali. Kazi hiyo ilianzishwa na Sheria ya Hewa Njema, na kusema kweli ni kazi ya akili. Msoma moshi hupewa kadi yenye visanduku vitano, cha kwanza cheupe, cha mwisho cheusi tii, na katikati vya kijivu vinavyozidi kukolea. Saa mbili asubuhi na saa nane mchana husimama hatua thelathini kutoka ukuta wa kiwanda, jua likiwa mgongoni, huinua kadi mbele ya bomba la moshi, hulinganisha kwa dakika sita, kisha huandika namba. Sheria inasema moshi usizidi namba mbili. Yeye alipangiwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na kwa kuwa sheria inajali wafanyakazi wake, tulipewa nyumba hapo hapo, upande ambao upepo unaelekea, asichelewe kazini.

Siku ya kwanza aliandika nne. Siku ya pili akaandika nne. Jioni alikuja akaonja chai yangu akasema, "Sufiani, chai hii namba mbili, ongeza majani." Tangu hapo nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa na namba. Maziwa yalikuwa moja. Nikinuna, huniambia, "Uso wako leo namba tano, hebu ukautie maji." Mama yake, Bi Tatu, alipokuja kututembelea na kusikia tunavyoongea, alidhani tumeingia dini mpya.

Baada ya mwaka mzima wa kuandikiwa nne, Wizara ya Hewa, Maji na Maelezo ilichukua hatua kali. Ilibadilisha kadi. Kadi mpya ilikuwa na visanduku viwili tu, cheupe na cheusi. Cheusi ndicho namba mbili. Kwa kuwa duniani hakuna moshi mweusi kuliko mweusi, tangu siku hiyo hakuna moshi katika nchi yetu uliowahi kuzidi namba mbili, na majirani zetu wametuma wajumbe kuja kujifunza tulivyofanikiwa.

Mwajabu akaendelea kuandika nne. Kwenye nafasi ya maoni akaongeza: "Kadi imebadilika, moshi haukubadilika." Wizara ikafuta nafasi ya maoni. Fomu zake zilirudishwa kila mwezi zimegongwa muhuri wa SAHIHISHA, naye hakusahihisha. Hawakuweza kumfukuza, kwa sababu mtumishi akifukuzwa lazima sababu iandikwe, na sababu yenyewe ilikuwa nne.

Mwaka wa tisa tumbo lilianza kumsokota. Mwaka wa kumi na moja mkono wake wa kulia ukalegea kwenye kifundo, kiganja kikawa kinaning'inia kama jani la mgomba wakati wa kiangazi, hawezi kuinua kadi. Akaandika barua wizarani kueleza. Wizara ilishughulikia haraka kuliko nilivyotarajia: ikamletea fimbo. Kadi ikafungwa kwenye fimbo, fimbo akaishika kwa mkono wa kushoto.

Nikamwambia, "Acha hii kazi, mke wangu. Cherehani inatutosha."

Akasema, "Nikiacha mimi, nani ataandika nne?"

Hakuwa mtu wa hotuba. Aliyasema hayo huku akichambua mchele.

*

Nilipofika nyumbani kutoka hospitali, kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kwetu maiti haichelewi, na shemeji yangu Athmani, mdogo wake Mwajabu, alikuwa ameshika jembe tangu aliposikia habari. Bi Tatu alikuwa amekaa mkekani na kina mama. Watani nao walikuwa wameshafika, wakiongozwa na Bi Kidawa, mtani mkuu wa ukoo wa Mwajabu. Mtu wa kwetu hawezi kuzikwa bila watani. Watu wengine wote wakilia, wao ndio wenye ruhusa ya kucheka, kumsema marehemu, na kuiba sufuria za ubwabwa.

Bi Kidawa alikuwa amejifunga tai ya khanga, ameshika sinia kama daftari, anaigiza mtu wa wizara.

"Ndugu wananchi! Moshi huu mnaosema ni mweusi, mimi nimeupima, ni mweupe kuliko unga wa sembe! Mwenye kuuona mweusi akapimwe macho!"

"Na kikohozi je, mheshimiwa?" akauliza mtani mwenzake.

"Kikohozi ni salamu za kiwanda! Mkisalimiwa itikieni!"

Watu walicheka huku wakifuta machozi. Hata Bi Tatu alitabasamu. Kisha akaniita kando.

"Mwanangu, mbona umekuja peke yako? Mwenzio yuko wapi?"

Nikamweleza yote: risasi, kifungu, homa, saa tisa. Athmani alisimama karibu, udongo umemjaa magotini.

"Shemeji, andika homa," akasema.

"Dada yako miaka kumi na miwili hakuandika uongo hata siku moja."

"Alikuwa hai. Mtu aliye hai ana nafasi ya ubishi. Huyu anataka ardhi tu."

Bi Tatu alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya khanga yake. "Mimi sijasoma," akasema. "Hizo namba zenu siwezi kuzijua. Najua nilimzaa Jumanne na leo ni Jumanne. Nizikie mwanangu, Sufiani."

Ilikuwa saa nane. Kutoka kwetu mpaka hospitali ni nusu saa kwa baiskeli. Nikaamua kwenda kusaini homa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nashika usukani wa baiskeli gari la wizara lilipoingia. Akashuka Dokta Laurenti Fungameza, Afisa Mkuu wa Hewa wa wilaya, mtu mnene mwenye suti ya kaki, na futi ya chuma mkononi.

"Pole sana kwa msiba, na hongera kwa ushirikiano," akasema. "Nimekuja kwa Ukaguzi wa Shimo. Mkuu wa familia ni nani?"

"Ni mimi."

"Vizuri. Kwa mujibu wa kanuni, mkuu wa familia haruhusiwi kuondoka eneo la ukaguzi mpaka ukaguzi ukamilike. Ni dakika tano tu. Urefu, upana, kina, basi."

Tukaenda kaburini. Ndani ya kaburi, amelala chali, mikono kifuani, alikuwa Bi Kidawa.

Hiyo nayo ni desturi. Mtani mkuu huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Ni namna ya kuwaambia wafiwa kwamba marehemu hakuwa bure.

"Mama, toka nipime," akasema Fungameza.

"Sitoki! Kwanza kuku! Na awe jogoo, hawa ni wabahili, najua watanipa kifaranga!"

"Mama, hii ni kazi ya serikali."

"Na hiki ni kitanda changu! Karibu, mheshimiwa, panatosha wawili. Ila uvue hilo tumbo uliache huko juu!"

Watu wakaangua kicheko. Athmani akakimbia kutafuta jogoo. Nyumbani jogoo hawakuwapo, kwa maana kuku wetu huwa hawafiki umri huo. Ilibidi aende ng'ambo ya reli. Fungameza akaomba kiti, akakaa, akafungua fomu.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimeshika baiskeli. Natakiwa niandike ukweli, na ukweli ni huu. Ningesema neno moja tu, "Mtani, toka, nina haraka," Bi Kidawa angetoka. Mtani anajua mzaha unaishia wapi. Lakini angeuliza haraka ya kwenda wapi, na mtaa mzima ulikuwa umelizunguka kaburi, na wote walijua Mwajabu aliandika nini miaka yote ile. Niliona aibu kusema mbele yao kwamba ninakwenda kumwandikia homa. Nikanyamaza. Nikatazama kivuli cha mpapai kikisogea.

Jogoo alipatikana saa tisa kasoro dakika ishirini. Bi Kidawa akampokea akiwa kule kule chini, akampima uzito, akasema ni mwembamba kama dua la mchoyo. Wakati huo Fungameza alikuwa ameshachoka kusubiri na alikuwa amefika swali la nne la fomu.

"'Je, shimo lina mtu?'" akasoma kwa sauti. Akachungulia. "Ndiyo. Jina?"

"Bi Kidawa binti Mwinyikondo," akajibu yeye kutoka chini, akidhani mzaha unaendelea. "Mjane, mcheshi, nalala kulia!"

Fungameza akaandika, akagonga muhuri. "Shimo limekaguliwa. Limejaa. Ukaguzi umekamilika."

Nilipanda baiskeli. Nilifika dirishani kwa Bwana Ndauka saa tisa na dakika kumi, jasho likinitiririka. Nikachukua kalamu bila kumsalimu, nikasaini pale alipokuwa amenionyesha asubuhi. Homa. Niliandika herufi nzuri sana.

Bwana Ndauka aliitazama ile saini kwa muda mrefu. Kisha akaikunja ile karatasi mara mbili, akaichana taratibu.

"Yameshakwenda, fundi. Yamekwenda dakika nane zilizopita. Sasa yapo kwenye daftari la taifa. Nikipeleka homa leo, na kule iko risasi, tutakuwa na takwimu mbili kwa maiti mmoja. Huo unaitwa uchafuzi wa takwimu. Na adhabu yake," akafungua kitabu kunionyesha, "ni kubwa kuliko ya kuchafua mto."

*

Jumatano na Alhamisi nilikuwa wizarani. Ofisi ya Fungameza ina madirisha makubwa yasiyofunguka, kwa ajili ya vumbi. Juu ya meza yake kuna bilauri ya maji yaliyofunikwa kwa kawa ndogo ya ukili.

"Ndugu mhusika," akasema, "sheria yetu ina kanuni mama moja, nzuri sana: aliyechafua asafishe. Wewe unaiunga mkono?"

"Naiunga mkono."

"Safi. Sasa tujiulize, nani amekutwa na risasi? Kiwanda? Kiwanda kimepimwa, hakina."

"Kimepimwa na nani?"

"Kimejipima. Tunahimiza moyo wa kujitegemea."

"Na ile risasi inayotoka kwenye bomba inakwenda wapi?"

Akapiga meza kwa furaha kama mwalimu aliyepata jibu zuri. "Ndilo swali! Ilikwenda kwa mkeo! Miaka kumi na miwili, kila siku, alikuwa akiichukua kiwandani na kuvuka nayo barabara mpaka nyumbani kwako. Huo kisheria ni usafirishaji wa taka hatarishi. Alikuwa na kibali?"

"Alikuwa akipumua tu, Dokta."

"Njia ya usafirishaji haijabainishwa kwenye sheria." Akalegeza sauti. "Lakini marehemu hashtakiwi, sisi si wanyama. Wewe ndiye umebaki kuwa mmiliki. Wajibu wako ni mmoja: kuikabidhi taka hiyo kwenye kituo chenye leseni ya kupokea risasi."

"Kituo hicho kiko wapi?"

"Kipo kimoja tu nchi nzima," akasema. "Na una bahati, fundi, kiko mtaani kwenu."

Nikauliza kama naweza kumzika mahali pengine, hata nje ya wilaya. Akasema kumvusha mpaka kunahitaji kibali cha wilaya ya pili, na wilaya ya pili ina sheria nzuri zaidi kuliko yetu. Nikauliza kama naweza kungoja. Akasema kuhifadhi taka hatarishi kwa zaidi ya siku tatu bila ghala ni kosa. Nikauliza kama naweza kurudi kwenye lile kaburi. Akafungua faili.

"Lile lina mtu. Anaitwa Bi Kidawa."

"Bi Kidawa yuko nyumbani kwangu, anaosha vyombo."

"Basi mwambie asionekane onekane," akasema Fungameza. "Ataniharibia faili."

Jumatano nilipowapa habari nyumbani, Bi Kidawa alikaa chini palepale penye vyombo. Hakuwa na mzaha tena. Alikuja akapiga magoti mbele yangu na mbele ya Bi Tatu, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtani. "Mngeniambia," akawa anasema. "Si mngeniambia tu, jamani." Nikamwinua. Nikamwambia kosa si lake. Sikumwambia ni la nani.

Jioni hiyo Athmani alikata mgomba, wakaufunga sanda, wakauzika, kwa sababu kwetu kaburi lililochimbwa halilali wazi mara mbili. Afisa mmoja wa wizara alikuja kuupima ule mgomba kabla haujafukiwa. Ulikuwa umezidi kiwango kidogo, lakini akasema kwa mimea wanavumilia.

*

Kina mama walimwosha Mwajabu Ijumaa asubuhi. Maji ya kumwoshea yalikingwa kwenye mapipa mawili, yakapimwa, ikaonekana ni machafu mno kumwagwa chini, yakapelekwa kiwandani, ambako yaliingizwa kwenye mtaro unaokwenda mtoni pamoja na maji mengine ya kiwanda yasiyo na matatizo. Tukamswalia mbele ya geti, safu tatu. Mlinzi alituomba kwa heshima tusivuke mstari wa njano.

Kiwanda kilikuwa kimetengeneza sanduku la chuma. Nakubali, lilikuwa zuri, limechomelewa vizuri. Juu yake walibandika karatasi yenye fuvu na maneno TAKA – RISASI – USIFUNGUE, na chini, baada ya mimi kuomba sana, wakaongeza kwa kalamu ya wino, Mwajabu binti Seif.

Sikujua kwamba waziri mwenyewe atakuja. Kumbe ilikuwa mara ya kwanza kwa kifungu cha kumi na tisa kutekelezwa tangu kitungwe, na wizara haikutaka nafasi hiyo ipite hivi hivi. Palikuwa na maturubai, kipaza sauti na utepe wa kijani uliofungwa kutoka mguu mmoja wa sanduku mpaka mlango wa ghala. Sisi wafiwa tulipewa viti vya mbele.

"Ndugu wananchi," akasema waziri, "wako waliosema sheria zetu ni za makaratasi. Leo waje waone! Nchi nyingine, tena kubwa, hutupa taka zao hovyo. Sisi tunazirudisha nyumbani! Kiwanda hiki kimepoteza risasi yake kwa miaka kumi na miwili, kidogo kidogo, kwa uvumilivu mkubwa, bila kulalamika. Leo, kwa moyo wa uzalendo, familia moja imejitokeza kuirejesha. Nawaomba wasimame tuwaone."

Hatukusimama. Fungameza akaja nyuma yetu akanong'ona, "Simameni, simameni, mheshimiwa anasubiri." Bi Tatu akasimama. Alisimama taratibu, akiwa ameshikilia bega langu, akamtazama waziri.

"Baba," akasema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu watu wote walisikia, "huyo unayemsema ana jina."

Waziri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Bila shaka, mama. Kila taka ina namba yake ya usajili." Akapiga makofi, nao watu wa kiwanda wakapiga makofi. Kisha mkurugenzi wa kiwanda akapokea cheti cha kijani cha urejeshaji bora, akakata utepe, na vijana wanne waliovaa barakoa wakambeba mke wangu wakaingia naye ndani ya ghala. Athmani alitaka kuwafuata. Mlinzi akamwonyesha mstari wa njano.

Bomba lilikuwa likitoa moshi muda wote huo. Niliutazama kwa dakika sita.

*

Kwa miezi miwili nilikuwa naenda getini kuomba nimwone. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alinieleza kila mara kwamba ghala la taka hatarishi haliruhusu wageni, kwa usalama wa wageni. Wanaoingia ni wafanyakazi wenye kitambulisho na maafisa wa wizara waliopangiwa kiwanda hicho. Nikamuuliza Fungameza kama kuna ruhusa maalumu kwa mume. Akapekua sheria nzima mbele yangu, kwa kweli alijitahidi. Neno mume halimo.

"Lakini ile nafasi yake iko wazi," akasema akiwa bado ameinamia kitabu. "Msoma moshi. Kidato cha nne unacho. Nyumba unayo tayari. Na msoma moshi ni afisa wa wizara."

Nilitazama yale madirisha yasiyofunguka.

"Kazi nyepesi, fundi. Kadi ina visanduku viwili."

Nikaaga, nikaondoka. Nilirudi baada ya siku tisa.

Bi Tatu hakunilaumu. Alikuja kukaa nami mwezi wangu wa kwanza wa kazi, na asubuhi ya kwanza alinipigia pasi shati. Athmani hakusema nami mpaka Idi. Bi Kidawa bado ni marehemu wizarani, na kwa hiyo hapati kitambulisho kipya wala hawezi kupiga kura. Anasema hilo la pili halijamsumbua sana.

Kazi yenyewe naifanya vizuri. Nafika saa mbili kasorobo. Nasimama hatua thelathini, jua mgongoni, nainua kadi. Mkono wangu bado una nguvu. Natazama kwa dakika sita kamili, sipunguzi, kisha naandika mbili. Kwa kadi niliyopewa, ni sahihi. Fomu zangu hazijawahi kurudishwa.

Ghala namba tatu, lile la taka hatarishi, hufunguliwa kila Alhamisi saa kumi jioni, kwa dakika kumi. Sanduku la Mwajabu liko rafu ya chini, upande wa kulia, na mlinzi huniletea kigoda.